Ngano Inakosa pa Kukimbilia

Chukua punje za ngano, zipande Tanga au Mombasa, uzimwagilie maji ya kutosha. Zitaota. Zitatoa majani mazuri, na kwa wiki chache utajiuliza kwa nini watu wanahangaika kulima zao hili milimani. Kisha mmea utaanza kuharakisha. Utatoa suke kabla haujapata mwili, utachanua upesi na kukauka upesi. Siku utakayopukuchua suke kiganjani utakuta vipunje vyembamba, vilivyosinyaa, pumba nyingi kuliko unga. Maji hayakupungua, wala mbolea. Kilichokosekana ni ubaridi.

Habari za ngano zimekuwa nyingi miaka hii: vita, ukame, bei ya mbolea, bei ya mkate. Kila moja huja kivyake, kana kwamba haihusiani na nyingine. Mimi naona zinashikana mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale kwenye suke lililoharakishwa. Ngano ni zao linaloishi kwa kalenda finyu. Lina majuma machache ya kuchanua na kujaza punje, na majuma hayo lazima yawe na ubaridi, maji na afya kwa pamoja. Karibu kila shida inayoisumbua leo hufanya kazi moja: kuyapunguza majuma hayo, au kuyasukuma yaangukie wakati mbaya.

Mmea wenyewe una sababu ya kuwa hivyo. Ngano ni nyasi iliyofugwa Mashariki ya Kati yapata miaka elfu kumi iliyopita, katika nchi ambazo mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi hukausha kila kitu. Ikajifunza kusoma majira kwa joto. Joto likipanda, ngano hutambua kwamba kiangazi kimewadia, nayo hukimbilia kuzaa kabla haijafa. Ule muda wa kujaza punje, ambao mkulima angependa uwe mrefu, hukatwa. Siku chache za nyuzi joto zaidi ya 30 wakati wa kuchanua huweza kuharibu chavua, na suke likabaki na nafasi tupu zisizo na punje. Na usiku wa joto nao una madhara yake, ingawa hauonekani: mchana mmea hutengeneza sukari, usiku huitumia kupumua, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyotumia zaidi kile ambacho kingeingia kwenye punje.

Ndiyo maana ngano huweza kustawi hata Gezira, Sudan, mahali ambapo msafiri angedhani haiwezekani kabisa. Huko hupandwa Novemba na kuvunwa mwezi Machi, wakati usiku wa jangwani una baridi, kwa maji ya Mto Nile na kwa mbegu zilizochaguliwa kwa kuvumilia joto. Lakini nafasi yenyewe ni ndogo. Anayechelewa kupanda kwa majuma mawili au matatu huikuta Machi imeshawaka.

Mwaka 2015 kundi la watafiti kutoka nchi nyingi lilitoa matokeo ya kulinganisha programu 30 za kompyuta zinazoiga ukuaji wa ngano. Jibu lao: kila joto la dunia likipanda kwa nyuzi moja, mavuno ya ngano duniani hupungua kwa takriban asilimia 6. Asilimia 6 inasikika ndogo. Dunia huvuna karibu tani milioni 780 kwa mwaka, kwa hiyo nyuzi moja huondoa zaidi ya tani milioni 45, kiasi kinachokaribia mavuno ya Marekani nzima kwa mwaka. Na zao hili ndilo linalompa binadamu takriban sehemu moja ya tano ya nishati na ya protini anayokula.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko karibu na mstari wa ikweta, hatuna majira ya baridi ya kungojea. Baridi yetu tunaipata kwa kupanda mlima. Mashamba ya ngano yako Mau Narok, Njoro, Timau kwenye mteremko wa Mlima Kenya, Uasin Gishu. Upande wa Tanzania yako Kilimanjaro Magharibi, Monduli, Karatu, Hanang, na kusini huko Makete na nyanda za juu za Mbeya. Kila unapopanda mita 100, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6. Sasa geuza hesabu hiyo. Joto likipanda nyuzi moja, ni kama shamba lako limeteremshwa mita 150 na zaidi kuelekea bondeni, bila wewe kuhama. Mkulima angeweza kusema basi, nitapanda juu zaidi. Lakini mlima huwa mwembamba kadiri unavyopanda, na huko juu tayari kuna mwenyewe. Juu ya mashamba ya Mau uko msitu unaotoa maji ya Mto Mara na Ewaso Ng'iro ya kusini. Ukiukata ili upate ngano, unakausha mito inayotegemewa na watu, mifugo na wanyamapori wa chini yake. Ni mojawapo ya mambo yanayoniumiza katika suala hili: njia iliyo rahisi zaidi kwa mmea ni ile iliyo mbaya zaidi kwa nchi.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi shida hizi zinavyokazana uko mbali nasi, Punjab, India, na unastahili kuelezwa polepole.

Punjab ndiyo ghala la India. Katika shamba lile lile mkulima hulima mpunga wakati wa mvua na ngano wakati wa baridi. Serikali huhakikishia bei ya mazao yote mawili, na kwa miaka mingi umeme wa kusukuma maji mashambani umekuwa wa bure. Mwenye pampu isiyolipiwa hana sababu ya kuizima. Matokeo yake, maji ya chini ya ardhi yameshuka mwaka hadi mwaka na visima vimelazimika kuchimbwa virefu zaidi. Mnyonyaji mkubwa alikuwa mpunga uliopandikizwa Mei, katikati ya jua kali kabla ya mvua za masika ya huko. Kwa hiyo mwaka 2009 jimbo likapitisha sheria: hakuna kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni. Sheria nzuri, yenye nia njema, na kwa upande wa maji ilikuwa na mantiki kamili.

Ila mpunga uliochelewa kupandwa huchelewa kuvunwa. Kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano yakabaki majuma mawili au matatu tu. Shamba limejaa mabua ya mpunga, marefu na magumu, na kalenda inakimbia. Kiberiti ndicho chenye kasi na bei ndogo kuliko vyote. Basi mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba moshi hupanda kutoka maelfu ya mashamba na kuungana na moshi wa magari na viwanda, ukafunika Delhi. Mkulima anayelaumiwa kwa moshi huo anajua jambo ambalo wanaomlaumu mara nyingi hawalijui: akichelewa kupanda ngano, atavuna hasara mwezi Machi.

Na Machi ya 2022 ikaja. Ilikuwa Machi yenye joto kali kuliko zote tangu India ianze kuweka kumbukumbu, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ngano ilikuwa katikati ya kujaza punje. Ikafanya kile ambacho ingefanya Tanga: ikaharakisha. Makadirio ya serikali, yaliyokuwa zaidi ya tani milioni 111, yakashushwa hadi karibu milioni 106. Tarehe 13 Mei India ikafunga usafirishaji wa ngano nje, wakati viongozi wake majuma machache tu kabla walikuwa wakisema iko tayari kuilisha dunia. Na dunia ilikuwa na njaa ya ngano kwelikweli, kwa sababu Februari ya mwaka huo huo vita ilikuwa imezifunga bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi.

Maji, mabua, moshi, joto, bei ya dunia: ni kamba moja. Ukivuta upande huu, fundo hukaza upande ule. Sasa kuna mashine zinazopanda ngano katikati ya mabua bila kuchoma wala kulima, na zinaokoa muda, maji na udongo kwa pamoja. Kwa maoni yangu hiyo ni hatua bora kuliko sheria kumi, kwa kuwa inamrudishia mkulima siku zake. Lakini zinahitaji trekta lenye nguvu, na mwenye eka tatu hana trekta.

Saudi Arabia ilifika mwisho wa kamba hiyo kwa haraka zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilimwaga fedha za mafuta kwenye ngano ya jangwani, ikivuta maji yaliyojikusanya ardhini kwa maelfu ya miaka na ambayo mvua ya leo haiwezi kuyarudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inavuna takriban tani milioni 4 na kuuza nje. Mwaka 2008 serikali ikaamua kuacha, hatua kwa hatua, kununua ngano ya ndani, ikatimiza mwaka 2016. Maji yalikuwa yameliwa. Waliuza nje, ndani ya magunia ya ngano, kitu ambacho hawakuwa na njia ya kukitengeneza upya.

Turudi nyumbani, kwenye ugonjwa. Ngano ya Kenya ilizaliwa na kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipojaribu ngano Njoro, kutu iliteketeza mazao yake, na hitaji la kupata mbegu zinazostahimili ndilo lililozaa kazi ya utafiti ambayo mpaka leo iko Njoro. Kutu ya shina ni ukungu. Huota kwenye bua kama vidonda vya rangi ya kutu ya chuma, hunyonya chakula kilichokuwa njiani kuelekea sukeni, na vumbi lake jekundu hupeperushwa na upepo, huvuka milima na hata bahari.

Kwa miaka mingi dunia ilidhani imeshinda. Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970, alianza kazi yake Mexico kwa kupambana na ukungu huu, na jeni za kinga zikasambazwa katika mbegu za nchi nyingi. Kisha mwaka 1998, Uganda, ikapatikana aina mpya iliyovunja jeni ambayo ngano ya sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ikiitegemea. Ikaitwa Ug99. Ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka hadi Yemen mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikapatikana Iran. Borlaug, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alisimama mwaka 2005 kuionya dunia.

Ethiopia, mzalishaji mkubwa wa ngano kusini mwa Sahara, ilihimiza wakulima wake mbegu zenye kinga. Mojawapo ilikuwa Digalu, ambayo Ug99 haikuiweza. Wakulima wa Bale na Arsi wakaipenda, wakaipanda kwa wingi. Mwishoni mwa 2013 ikaja aina nyingine ya kutu ya shina, isiyo na undugu na Ug99, na Digalu ikalala chini yake kana kwamba haikuwahi kuwa na kinga. Mashamba yaliyoonekana mazuri yalikwisha ndani ya majuma machache. Eneo kubwa lenye mbegu moja ni karamu kwa ukungu unaoijua siri ya mbegu hiyo, na tabianchi inasaidia kuandaa karamu. Kutu ya manjano, ambayo wakulima waliijua kama ugonjwa wa sehemu zenye baridi, tangu mwaka 2000 imepata aina zinazovumilia joto zaidi. Ugonjwa mwingine unaopenda joto na unyevu, ule unaofanya suke lipauke ghafla, ulianzia Brazil mwaka 1985, ukatokea Bangladesh mwaka 2016, na mwaka 2018 ukaonekana Zambia. Zambia ni jirani yetu wa mpakani.

Dawa za ukungu zipo. Lakini kunyunyizia mara mbili au tatu kwa msimu kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya faida na deni, na mkulima mdogo mara nyingi husubiri mpaka aione kutu kwa macho. Akishaiona, imeshakula.

Kuna pia suala la ardhi, ambalo katika makala nyingi za tabianchi hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa. Hanang, katika tambarare za Basotu, kuanzia mwaka 1970 au karibu na hapo, serikali ya Tanzania kwa msaada wa Canada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano, jumla ya takriban eka 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga. Waliondolewa, na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Walikwenda mahakamani. Ngano kweli ilipatikana, na kwa miaka kadhaa taifa lilijivunia. Lakini ilikuwa ngano ya matrekta makubwa, kombaini, vipuri na mafuta, vyote vya kuagizwa, na mvua kubwa ilipopiga udongo uliolimwa bila pumziko ikachimba makorongo. Msaada ulipokwisha miaka ya 1990, uzalishaji ulianguka. Siamini kwamba historia hiyo iko mbali na mada yetu. Shamba linalosimama kwa vitu vya kuagizwa na kwa ardhi yenye kinyongo ni shamba dhaifu hata kabla joto halijapanda.

Narok kuna namna nyingine ya udhaifu huo. Sehemu kubwa ya ngano hulimwa kwenye ardhi ya Wamaasai iliyokodishwa kwa msimu au kwa miaka michache. Aliyekodi kwa msimu mmoja hapandi miti ya kuzuia upepo wala hatengenezi matuta, kwa kuwa faida yake itamkuta mtu mwingine. Anataka mavuno ya mwaka huu. Mvua ikikatika katikati, kama ilivyokatika mara nyingi katika ukame wa 2020 hadi 2022, udongo usio na mabua juu yake hukauka upesi. Na mvua ikija wakati wa kuvuna, punje huchipua zikiwa bado sukeni, na mwenye kinu hazitaki kwa bei ya mkate. Hata ndege huingia katika hesabu hii. Mbegu za nyasi za porini zinapokosekana kwa ukame, makundi ya kweleakwelea huhamia kwenye nafaka ya watu.

Mbolea ndiyo mlango ambao vita ya mbali huingilia shambani. Naitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo bei ya gesi Ulaya ni bei ya mbolea Nakuru. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 za Kenya, mpaka serikali ilipoweka ruzuku na kuushusha hadi 3,500, kisha 2,500. Tanzania nayo ilianza ruzuku msimu huo huo, mfuko ukauzwa kwa karibu shilingi 70,000. Na ngano ikinyimwa naitrojeni haipunguzi tu magunia. Protini hupungua, na unga wenye protini kidogo haunyumbuki vizuri: mkate hauumuki, chapati inakatika. Hewa ukaa inayoongezeka angani inazidisha hilo. Huusaidia mmea kukua kidogo zaidi, ndiyo, lakini punje hupungua protini, madini ya zinki na ya chuma. Wapo wanaosema hewa ukaa ni mbolea ya bure. Waulizwe pia kilichomo ndani ya punje hiyo.

Tunapokosa, tunaagiza. Zaidi ya robo tatu ya ngano inayoliwa Kenya hutoka nje, na Tanzania hali si tofauti sana. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, lakini Kenya huomba na kuruhusiwa kutoza wenye viwanda vyake asilimia 10 ili unga usipande bei. Naelewa sababu, kwa kuwa mkate na chapati ni chakula cha mjini cha kila siku, cha mwenye kipato kidogo. Ila mkulima wa Narok hushindana na meli moja kwa moja. Mwaka wa neema duniani, bei yake inashuka. Mwaka wa joto India au vita Bahari Nyeusi, bei inapanda, lakini mbolea yake imeshapanda kwanza. Wengine wamechoka, wamehamia viazi na shayiri. Kila anayeacha, tunasogea karibu zaidi na hali ya hewa ya watu wengine.

Yapo yanayofanyika. Kuacha mabua shambani na kupunguza kulima huhifadhi unyevu. Kuchanganya unga wa ngano na wa muhogo au mtama katika mkate kungepunguza mzigo wa kuagiza, na ningependa lichukuliwe kwa uzito zaidi kuliko linavyochukuliwa sasa, maana muhogo unavumilia joto ambalo ngano hailiwezi. Lakini kazi ninayoiona yenye uzito kuliko zote inafanyika Njoro. Huko, katika kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KALRO, tangu miaka michache baada ya Ug99 kutokea, maelfu ya mbegu za majaribio kutoka nchi za mabara mbalimbali hupandwa misimu miwili kila mwaka, zikazungushiwa mistari ya ngano dhaifu iliyoambukizwa kutu kwa makusudi. Zinazougua hutupwa. Zinazosalia hurudi kwao, Asia, Amerika ya Kusini, Ethiopia, zikazalishwe tena. Kenya Robin na Eagle 10 zilipita katika moto huo kabla ya kumfikia mkulima wa Kenya, na baadaye kutu ikaanza kupata njia ya kuziingia pia, kwa hiyo kazi ikaendelea.

Tangu ua la mbegu moja lichavushwe kwa mkono hadi mkulima anunue mfuko wake dukani huwa inapita yapata miaka kumi. Anayechavusha Njoro msimu huu, akiwa na kibano na bahasha ya karatasi, anachagua wazazi wa ngano itakayochanua katika joto la katikati ya miaka ya 2030.